UZI: Ngege (tilapia) wangu wana miezi 9 na bado ni saizi ya kiganja, wenye wanajua samaki njooni hapa

Kidimbwi_Bahati (Nakuru)
Wadau habari za jioni. Hii kitu nimekaa nayo kwa roho muda mrefu, nalala nikiiwaza naamka nikiiwaza, nikaona heri niiandike hapa. Niko huku Bahati. Mwezi wa pili nilichimba kidimbwi mita 15 kwa 20, nikatandika laina ya plastiki juu udongo wa huku unakunywa maji vibaya, nikajaza, nikangoja wiki 2 maji yakawa kijani venye niliambiwa, alafu nikanunua vifaranga 1,000 vya ngege kwa jamaa alikuja na pikapu imebeba mapipa, shilingi 10 kila kifaranga. Hio pesa yote ilitoka kwa ng'ombe niliuza, na alikuwa ng'ombe wa maziwa.

Saii ni mwezi wa 11. Juzi nikaita vijana wawili tukavuta neti. Wakubwa ni saizi ya kiganja changu, nikaweka 10 kwa mizani ya duka wakaleta kilo 1 na kitu kidogo, yaani gramu 110 hivi kila mmoja. Na nilikuwa nimeambiwa miezi 6 nitakuwa na samaki wa sahani wa gramu 300! Nawalisha kila siku bila kukosa, saa 12 asubuhi kabla niende kazi na saa 12 jioni nikirudi. Chakula bei imepanda mpaka inauma. Mimi nashuku hizo pelleti, nashuku zilikaa kwa stoo ya mwenye duka zikaharibika. Bibi yangu anasema nifunike hio shimo nipande viazi na kusema ukweli sina jibu ya kumpa.

Nibadilishe chakula ama nifanye nini?

MamaNgege_Kibuye (Kisumu)
Pole sana mwanangu. Mimi si mfugaji, mimi ni muuzaji, niko hapo soko la Kibuye mwaka wa 19 sasa, kwa hivyo sitakudanganya mambo ya chakula. Lakini niambie kitu moja. Hio neti yenu ilitoa samaki saizi moja ama kulikuwa na wengine kama vidole na wengine kama misumari? Juu mimi nikiletewa samaki wa kidimbwi naangalia beseni kwanza kabla niulize bei, na beseni ikiwa na saizi 4 tofauti najua hapo kwa huyo mtu samaki wanazaana hovyo na hataniletea wakubwa hata akingoja mwaka mwingine.

Na hao wa gramu 110 usiwatupe, wako na soko, tutaongea.

Kidimbwi_Bahati (Nakuru)
Mama asante. Ndio, walikuwa wengi sana wadogo, kwanza kando kando ya maji kuna vikundi vya vijisamaki vyeusi vinatembea pamoja kama wingu. Mimi nilifurahi nikaona ni faida, nimepata vifaranga vya bure. Sasa naskia tumbo baridi.

VifarangaKakamega
Kaka chakula chako kinaweza kuwa kizuri kabisa. Nimefanya kazi kwa haturi ya samaki, pale vifaranga vinazalishwa, miaka 7 huku Kakamega na hii hadithi yako nimeiskia Butere, Mumias, Busia, Vihiga, mtu analaumu pelleti na shida iko kwa tumbo ya samaki jike. Wacha nieleze pole pole juu hapa ndio pesa ya watu inapotelea.

Ngege anaanza kuzaa akiwa mdogo sana. Kwa kidimbwi chenye maji mazuri jike wa miezi 3 au 4, gramu 40 au 50 tu, tayari ni mama. Dume anachimba kisahani pale chini, jike anataga hapo, dume anapitisha mbegu, alafu jike anaokota mayai yote anaweka kwa mdomo. Kwa mdomo! Anayabeba wiki 1 na nusu mpaka 2 hivi, yanaanguliwa humo ndani, na hata watoto wakianza kuogelea wakiona hatari wanarudi mbio kwa mdomo wa mama. Sasa jiulize huyo mama anakula nini hizo siku zote. Hakuna. Anakonda, akimaliza anakula kidogo anapata nguvu, na kukiwa na joto baada ya wiki 4 hadi 6 anataga tena, mayai mia kadhaa. Ndio maana jike wa ngege anabaki mdogo, kile anakula kinaenda kwa mayai. Dume hana hio kazi, yeye anaongeza nyama tu, na umri ukiwa sawa utampata amemzidi jike mbali.

Sasa piga hesabu yako. Ulinunua 1,000, tuseme nusu ni majike, na walianza kuzaa mwezi wa 6 au wa 7. Leo hapo ndani hauna samaki 1,000, uko na maelfu, na wewe unaendelea kupima chakula cha 1,000. Wale wadogo wanakula pia, na wako na mbio kuliko wakubwa. Kilo ziko kwa maji kaka, lakini zimegawanywa kwa midomo mingi sana. Na laina haizuii kuzaa, wanatagia hapo hapo kwa tope kidogo iko juu ya laina.

Niambie vitu 3. Maji yana joto kiasi gani asubuhi na mchana? Ukitumbukiza mkono, kiganja kinapotelea ukifika wapi? Na huyo jamaa wa pikapu alikuambia vifaranga ni madume pekee ama alisema tu ngege?

Kidimbwi_Bahati (Nakuru)
Joto nilikuwa sijawahi kupima, leo nimeazima kipima joto kwa daktari wa mifugo, saa 1 asubuhi imesoma 18, saa 9 mchana 23. Kiganja kinapotea maji ikifika karibu kwa kiwiko. Na huyo jamaa alisema ni ngege wa mbegu kubwa, hakusema mambo ya dume ama jike na mimi sikuuliza juu sikujua kuna kitu ya kuuliza.

VifarangaKakamega
Kiganja kupotea kwa kiwiko ni vizuri, hapo rangi ya maji umepatia. Hio 18 sasa. Ngege ni samaki wa joto, anataka 25 mpaka 30 ndio akue vizuri, ukishuka chini ya 20 anakula kidogo sana na kukua kunakuwa kwa kuvutana, ikishuka zaidi anaacha kula kabisa. Nakuru mjini ni kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na wewe Bahati umepanda zaidi. Kisumu ni kama 1,130. Hizo mita 700 na zaidi ni usiku mwingi wa baridi. Mwenye alikuambia miezi 6 alikuwa anaongea hesabu ya kando ya ziwa akiuzia mtu wa mlimani. Huko kwako hata ukiwa na madume watupu weka akili kwa miezi 9 au 10. Kuna watu wa sehemu za baridi wanajengea kidimbwi nyumba ya karatasi ya nailoni kama ile ya nyanya, na inasaidia.

Alafu kuna hii ya saa 12 asubuhi...

Keji_Usenge (Siaya)
Hapo kwa saa 12 asubuhi wacha niingilie juu imenishtua. Omera, usilishe samaki saa 12 asubuhi! Ile kijani ya maji mchana inatengeneza hewa kwa jua, usiku hakuna jua na kila kitu ndani ya maji inavuta hewa, samaki, kijani yenyewe, uchafu wa chini, kwa hivyo alfajiri ndio saa hewa imebaki kidogo kabisa. Ukimwaga chakula hapo samaki hali, na kikianguka chini kinaoza kinamaliza hewa zaidi. Ngoja jua lipande, saa 4 hivi, na tena saa 10 jioni. Kama uko kazini achia bibi ama kijana. Ukiona alfajiri wamekuja juu wanafungua midomo kwa uso wa maji hio si njaa, ni hewa, usiwape chakula, ongeza maji safi haraka.

Mimi niko na keji ziwani, vile vizimba vya neti vya kufugia samaki, na hii mambo ya hewa imenifunza kwa uchungu. Mwaka wa 2022 si mliona picha za samaki wameelea upande wa Kisumu, tani na tani za watu. Mimi yangu ilikuwa mwaka mwingine lakini ni kitu ile ile. Upepo unavuma siku 2, maji ya chini ambayo haina hewa inapinduka inakuja juu, na samaki wa keji hana pa kukimbilia. Wale wa ziwa wazi wanahama, wa keji wako jela. Nilienda jioni nikalisha, wakala vizuri wakirushana, nikarudi saa 11 asubuhi nikakuta nyeupe tupu. Keji 3. Nilikaa kwa mtumbwi nikashindwa hata kupiga simu. Tulikuwa tumeziweka kwa ghuba maji kidogo, karibu karibu juu ya kuogopa wezi, na chini kumejaa chakula na mavi ya miaka. Sasa nimesonga kwa maji marefu, naacha nafasi mkondo upite, na kila jioni naangalia upepo.

Shiru_Njoro
Mimi naomba niulize swali yenye watu wanaogopa kuuliza. Hao wa "madume pekee" si ndio wanapewa homoni? Jirani alitaka tununue pamoja nikakataa juu nina wasichana 2 kwa nyumba na sitaki wakule samaki wa dawa ya kiume. Sijasema ili nichafue kazi ya mtu, nataka tu kuelewa, ni watoto wangu.

VifarangaKakamega
Dada hio swali ni ya haki kabisa na mwenye anauza vifaranga akikukasirikia ukiuliza usinunue kwake. Ni kweli, njia inatumika sana ni ile. Kifaranga akitoka kwa mdomo wa mama hajakuwa dume wala jike kamili, hapo ndio anapewa chakula kimechanganywa na homoni inaitwa methiltestosteroni, wiki 3 au 4 za kwanza tu, karibu wote wanakuwa madume. Kipimo ni kidogo sana, miligramu 60 kwa kilo nzima ya chakula, na ukikumbuka huyo kifaranga akianza ni mdogo kama punje ya mchele utaona kile anakula. Baada ya hapo hapewi tena. Mwili unaitoa kwa wiki chache, na mpaka akufikie kwa sahani ni miezi 6, 8, 9 imepita. Waliopima nyama ya samaki wa kuvuna hawakupata iliyobaki ya kumdhuru mlaji. Mwenye anafaa kuogopa ni sisi tunaochanganya, tuvae glavu na barakoa, na ile maji ya haturi isimwagwe mtoni.

Na kama bado roho inakataa kuna njia bila homoni. Unakuza vifaranga mpaka gramu 30 hivi, unawashika mmoja mmoja unageuza tumbo. Dume ana matundu 2, jike ana 3. Unapaka wino kidogo hapo ndio uone vizuri. Ni kazi ya macho na uvumilivu na utakosea wachache, lakini inafanya. Kuna wengine wanaweka kambale wachache wakule watoto, hio nayo ni nzuri lakini kambale awe mdogo kuliko ngege wako wakati unamuweka, ama atakula mtaji.

Shiru_Njoro
Asante umenieleza bila kunidharau. Nitafikiria hio ya kushika kwa mkono.

JiraniKanyaboli (Siaya)
Wacha mzee aongeze kitu hapa kwa jina. Mnasema ngege ngege, na sikatai, leo kila tilapia inaitwa ngege. Lakini ngege mwenyewe, yule baba zetu walikuwa wanaongelea, si huyu mnafuga. Mnafuga yule wa Naili, wazee wengine walikuwa wanamuita nyamami, aliletwa ziwani miaka ya 1950. Ngege wa asili ni mwingine, wanasayansi wanamuita *esculentus*, maana yake wa kuliwa, na kulikuwa na ndugu yake mbiru. Hao wawili ndio walilisha Nyanza. Neti za kisasa za kutega zilifika ziwani 1905, na mpaka Waingereza wanafanya uchunguzi wao 1927 na 1928 tayari samaki kwa neti walikuwa wanapungua, wakaweka sheria ya tundu la inchi 5. Sheria ikalegea, nyavu zikaendelea kuwa ndogo, akaletwa huyu wa Naili akamkalia mwenye nyumba, akaletwa na mbuta (sangara) akameza wengine. Leo ndani ya ziwa lenyewe ngege wa asili ni kama hayuko.

Lakini yuko kwetu. Ziwa Kanyaboli, hapa kwa kinamasi cha Yala, bado yuko, mafunjo yalimficha na mbuta hakufika. Nimemla juzi. Ni mdogo, nyama yake ni laini na ina mafuta yake. Nawaomba wenye vidimbwi karibu na sisi, msimwage vifaranga vyenu vya Naili huku, wakiingia Kanyaboli watazaana na ngege wetu na baada ya miaka michache hatakuwa ngege tena.

VifarangaKakamega
Mzee hilo ombi nimelibeba. Watu wanafikiria samaki kuponyoka ni hasara ya mfugaji peke yake.

Kidimbwi_Bahati (Nakuru)
Mzee asante, sikuwa najua hata kuna ngege wawili. Na nikiwa hapo, kuna mtu ananishauri badala ya kununua nikachote vifaranga ziwa Nakuru juu siku hizi samaki wamejaa huko. Ni sawa?

Shiru_Njoro
Usifanye hivyo, hilo ziwa liko ndani ya hifadhi ya wanyama, uvuvi hauruhusiwi na maji taka ya mji yanaishia huko. Na historia yake pia ni ya kuletwa, zamani halikuwa na samaki juu ya magadi, wakaleta kasamaki kadogo ka ziwa Magadi ili kakule mbu, ndio ndege wari wakaja kwa wingi. Maji yalipoanza kupanda miaka ya 2010 chumvi ikapungua ndio hawa wengine wakaweza kuishi.

VifarangaKakamega
Na hata kama ingeruhusiwa ungepata dume na jike pamoja, ungerudi pale pale.

Bwawa_la_Baba (Busia)
Naskia uchungu nikisoma hii uzi juu ni kama naona kwetu. Kaka wa Bahati, unajua hio mita 300 mraba na vifaranga 1,000 zimetoka wapi? Ni ule mradi wa serikali wa 2009, wa kufufua uchumi, vidimbwi 200 kila eneo bunge lililochaguliwa, kila kimoja mita 300 mraba, vifaranga 1,000. Baba alipata kimoja. Siku samaki wanaletwa kijiji kizima kilikuja. Mwaka wa kwanza tukavuna vizuri, mwaka wa pili tukarudisha wadogo wale waliobaki kwa maji tukidhani ndio mbegu, mwaka wa tatu wadogo wa wale wadogo. Hakuna mtu alitueleza haya mambo mnaeleza hapa. Ilifika mahali tunavuna samaki wa kidole, baba akasema hii ardhi haitaki samaki, leo hapo kuna nduma. Amekufa akiamini ardhi yake ilikuwa na kasoro.

MamaNgege_Kibuye (Kisumu)
Mungu amlaze pema. Na ndio maana mimi naongea sana kwa hii mambo, juu watu wanadhani adui wa samaki wetu ni katoni za samaki wa Uchina peke yake. 2018 kelele ilikuwa kubwa mpaka Rais Uhuru akaongea. Mimi katoni nimeuza, sitaficha. Ziwa likikaa kimya wiki 2 na mtoto anataka karo, katoni iko pale, saizi zote zimepangwa, ukitaka wa gramu 250 unapata wote 250. Si ati mteja anapenda wa Uchina. Mama wa hoteli anataka sahani 20 zifanane ndio wateja wasigombane. Wewe mfugaji ukiniletea beseni ya saizi 4 mimi nitaipanga aje? Niletee saizi moja uone kama nitaangalia katoni tena.

Na mnisaidie kusema kitu moja kuhusu ladha. Watu wanaapa wa ziwa ni mtamu wa kidimbwi ananuka matope. Wa kidimbwi akinuka matope ni juu umemtoa kwa maji ya kijani ukamleta moja kwa moja kwa sufuria. Mwambieni, yule wa Kakamega.

VifarangaKakamega
Ni kweli mama. Hio harufu inatoka kwa vijidudu vya maji na inaingia kwa nyama. Watoe uwaweke kwa tangi la maji safi yanayobadilishwa, siku 3 mpaka 5 bila chakula. Inaisha.

MamaNgege_Kibuye (Kisumu)
Hapo sawa. Alafu mapishi. Ngege mbichi usimtese na viungo. Para magamba, toa matumbo na mashavu yote, yaani ile nyekundu ya kupumulia, juu hio ndio inaharibika kwanza. Mkate mikato 3 kila upande, chumvi, mwache akauke maji kabisa, mafuta yawe moto ya kusema, mwingize na usimguse mpaka ajitoe mwenyewe kwa karai. Mwenye anageuza geuza ndio anavunja. Akishakauka ndio mchuzi, kitunguu, nyanya nyingi, dania, maji kidogo, mlaze humo dakika 10 moto pole. Ugali, osuga (managu) kando. Kichwa usitupe, mgeni wa heshima ndio anapewa. Na ukinunua sokoni usiangalie saizi kwanza, angalia jicho, liwe wazi limetokeza, finya nyama irudi, fungua mashavu uone nyekundu. Ikiwa ya kahawia, endelea na safari yako.

Sasa wewe wa Bahati. Sikia mama. Usinitumie samaki Kisumu, huku ndio nyumbani kwa samaki. Wewe uko na kitu mimi sina, samaki wako anatoka kwa maji mteja akiona. Wangu akifika Nakuru amelala kwa barafu siku nzima au 2. Toa wote, panga kwa saizi, uza hapo kwa geti Ijumaa jioni watu wakirudi kazi. Wale wadogo wa vidole pasua mgongo, chumvi, anika kwa jua kwa waya, sisi tunaita obambla, vinakaa wiki nyingi na mboga vinapendeza sana.

Kidimbwi_Bahati (Nakuru)
Nimewaskia wote. Wiki ijayo natoa maji yote. Nitarudi hapa na namba.

*(Baada ya wiki 3)*

Kidimbwi_Bahati (Nakuru)
Nimerudi wadau. Nilikodi pampu siku 2, maji yote ya kijani tukayapeleka kwa shamba, Jumatatu tukawatoa. Wa kwanza, wale nilinunua, wametoka 780. Tuliwageuza matumbo mmoja mmoja venye mlifundisha, wino nilitumia ile ya muhuri. Majike 410, madume 370. Madume wengi ni gramu 140, 150, wawili walifika 210! Majike hawapiti 90. Nilisimama hapo na hao wawili kwa mkono, umri mmoja, chakula kimoja, na ni kama si ndugu.

Alafu wadogo. Ndoo za lita 20, ndoo 6 zimejaa. Sikuhesabu, haihesabiki. Kilo zote pamoja na wakubwa zilifika 165 na kidogo. Kwa hivyo VifarangaKakamega ulisema ukweli, chakula kilifanya kazi, mwenye duka nilimshuku bure na nimeenda nikamwambia hivyo.

Niliwaweka kwa tangi la plastiki siku 4, Ijumaa nikaandika kibao kwa geti. Madume wote waliisha saa 1 na nusu usiku, mama wa hoteli ya stendi alichukua 60 akauliza wengine ni lini. Majike niliuza kwa bei ya chini Jumamosi. Wadogo tumeanika, jirani Mluhya alikuja na mama yake mzee akatuonyesha kupasua, waya zote za nguo zimejaa samaki. Sijarudisha pesa ya ng'ombe, hata nusu sijafika, lakini chakula cha miezi 3 ya mwisho nimerudisha.

Nimepata haturi, nimeenda mwenyewe nimeona wazazi wa samaki kwa macho, vifaranga madume 900, karatasi ya nailoni ya kufunika nimelipia nusu. Kulisha saa 4 na saa 10 bibi amekubali kushika. Yeye viazi amepanda, lakini ni pale kando tulimwaga yale maji, na saii vimeota majani ya kijani kibichi sijawahi kuona kwa hii shamba, kila asubuhi anaenda kuviangalia alafu anapitia kidimbwini anauliza samaki wanakuja lini. Ni Jumanne.

VifarangaKakamega
Vizuri sana kaka. Hakikisha laina imeanikwa jua na hakuna dimbwi hata dogo limebaki na mtoto wa zamani, mmoja jike akibaki na dume utaanza upya. Jumanne wakifika usifungue mifuko, iwache ielee juu ya maji dakika 20 ama 30 joto la ndani lilingane na la nje, alafu fungua, ingiza maji ya kidimbwi kidogo kidogo kwa mfuko, waache watoke wenyewe. Usiwamwage.

MamaNgege_Kibuye (Kisumu)
Na siku hio wasile. Anza Jumatano, saa 4.